Manga tatu, na daktari aliyechagua kuchora

Sisi watu wa pwani tukisikia Manga, fikira huenda Omani, kwa Wamanga waliokuja na majahazi ya kaskazi. Nilipopelekwa kufundisha Nyamira nikaikuta Manga ya pili, ya milima, migomba na mashamba ya chai. Ya tatu nilionyeshwa na mwanafunzi niliyemshika akichora katikati ya somo la hesabu. Nilimnyang'anya daftari. Lilijaa watoto wenye macho makubwa kama visahani. Akanieleza kwamba hiyo ni manga, hadithi za michoro za Kijapani.

Usiku ule nilimsoma Osamu Tezuka, ambaye Wajapani humwita mungu wa manga.

Alizaliwa 1928 upande wa Osaka, akakulia Takarazuka, mji mashuhuri kwa tamthilia za nyimbo zinazochezwa na wanawake peke yao. Macho yale makubwa aliyapata kwa waigizaji hao na kwenye filamu za Disney. Mwaka 1945, akiwa kijana anayefanyishwa kazi kiwandani, alinusurika mabomu ya Wamarekani. Tangu hapo thamani ya uhai ikawa ndiyo hadithi yake.

Alisomea udaktari akapata leseni, lakini mamake alimshauri afuate akipendacho. Mwaka 1950 alianza hadithi ya simba mweupe wa Afrika. Mwaka 1951 akamchora Atom, roboti aliyeundwa na baba aliyefiwa na mwanawe, kisha akauzwa kwa watu wa sarakasi kwa kuwa hakui. Tarehe 1 Januari 1963 Atom aliingia kwenye televisheni.

Haikuwa raha tupu. Kampuni ya katuni aliyoianzisha ilifilisika 1973. Mwaka uo huo akaanza Black Jack, hadithi za mpasuaji asiye na leseni. Humo wagonjwa wengine hufa, maana Tezuka hakuwadanganya watoto. Alifariki Februari 1989 kwa saratani ya tumbo, akiwa na miaka 60, ameacha kurasa zipatazo 150,000.

Asubuhi nilimrudishia kijana daftari lake. Sijisifu. Miaka ya nyuma, nikifundisha huku kwetu pwani, nililichana daftari la mwengine mbele ya darasa zima, na sikumwona akichora tena. Mzazi mwenzangu, ukilikuta la mwanao, keti naye kwanza akusomee.