Khalifa aliyefuta picha yake kwenye sarafu

Abdul Malik bin Marwan alizaliwa Madina yapata mwaka wa 646. Alipotawazwa khalifa mnamo 685, dola ya Bani Umayya ilikuwa karibu kusambaratika: Makka na Iraq zilimtii hasimu wake, Abdullah bin Zubayr, na hakumshinda hadi 692.

Dola hiyo aliyoiunganisha kwa upanga ilitumia sarafu za kigeni. Dirhamu za mashariki zilibeba picha ya mfalme wa Uajemi na madhabahu ya moto. Waislamu walikuwa wameongeza tu maneno machache ya Kiarabu pembeni. Abdul Malik alijaribu kwanza dinari yenye picha yake mwenyewe, amesimama na upanga. Kisha akaiacha, na ni watawala wachache ambao wangethubutu kufanya hivyo. Dinari mpya ya 696, na dirhamu za fedha zilizoenea kuanzia 698, hazina picha wala jina la mtawala. Zina Shahada na aya za Kurani. Dirhamu, yenye uzito usiotimia gramu 3, hutaja pia mji na mwaka ilipopigwa chapa.

Alifariki Oktoba 705. Mji na mwaka huo ndivyo wakusanyaji wa sarafu huvitazama kwanza. Dirhamu za Wasit, mji uliojengwa na gavana wake al-Hajjaj, hupatikana kwa wingi. Za mwaka wa 78 wa Hijria, mageuzi yalipokuwa yakianza, ni adimu mno.