Bwana de Lesseps na mifereji yake miwili

Sisi wenye kukaa ku migodi tunajua kuchimba ni nini. Tunajua ginsi mulima unaanguka usiku na ginsi maji inajaa mu shimo. Tunajua pia kwamba jina la mukubwa linaandikwa juu ya jiwe, na la mwenye jembe halionekane. Ndiyo maana leo tunaeleza maisha ya Ferdinand de Lesseps, mutu wa mfereji wa Suez.

Alizaliwa Versailles, Ufaransa, mwaka 1805. Hakukuwa injenia hata siku moja. Alikuwa mutu wa ubalozi, sawa baba yake. Mu miaka ya 1830 serikali ilimutuma Misri, na kule alizoeana na kijana Said, mutoto wa Mehemet Ali, mutawala wa inchi. Said alikuwa munene, na baba yake alimukataza chakula ili apungue. Watu wanasimulia kwamba alikuwa anakimbilia kwa de Lesseps kula makaroni. Makaroni au hapana, urafiki ulibaki. Said alipokamata utawala mu 1854, de Lesseps, aliyekuwa ameacha ubalozi tangu miaka 5, alipanda meli mbio. Novemba ileile alikuwa na ruhusa ya mfereji mu mukono.

Kompani yake iliuzisha aksio 400,000, kila moja franga 500. Wafaransa walinunua zaidi ya nusu. Waingereza walikataa, na sehemu kubwa ya zile zilizobaki ilimuangukia rafiki Said.

Kazi ilianza tarehe 25 Aprili 1859, ku mchanga ambako leo kuna muji wa Port Said. Hapa tusipite mbio. Miaka ya kwanza mashini zilikuwa kidogo. Wakulima walitolewa mu vijiji kwa lazima, karibu 20,000 kila mwezi. Wengine wanaingia, wengine wanatoka. Walichimba na majembe na vitunga, na mu matope walichota na mikono mitupu. Maji ya kunywa ilibebwa na ngamia, mpaka mfereji mudogo wa maji matamu ulipofika kutoka Nili. Wengi hawakurudia kwao. Mu 1864 ile kazi ya lazima ilikatazwa, na sikieni vile ilikatwa: Napoleon wa 3, aliyewekwa kuwa mwamuzi, aliamua Misri ilipe kompani franga milioni 84, na milioni 38 kati yake zilikuwa juu ya wale wakulima walioondolewa. Mukulima alichimba, na inchi yake ililipa juu aliacha kuchimba! Kisha mashini kubwa za kuchota mchanga chini ya maji zikamaliza.

Tarehe 17 Novemba 1869 mfereji ulifunguliwa, zaidi ya kilometa 160. Meli za Ulaya hazikuzunguka tena kusini yote ya Afrika kwa kufika India. Hata Zanzibar na Dar es Salaam zilikaribia. Lakini Misri ilijaa deni. Mu 1875 Ismail, aliyemufuata Said, aliuzisha aksio zake kwa Waingereza, wale wale waliokataa mbele, na mu 1882 waaskari wao wakaingia inchi.

De Lesseps angepumzika. Alikuwa na miaka 73 alipokubali mfereji wa pili, Panama. Alitaka uwe sawa wa Suez, bila milango ya maji. Suez ni mchanga. Panama ni mulima, mvua na muto Chagres unaofurika. Kule Culebra walichimba muchana, na udongo uliteleza ukarudia mu shimo. Wafanyakazi wengi walitoka Jamaika na visiwa vya karibu. Maelfu na maelfu walikufa na malaria na homa ya manjano. Ku hospitali waliweka vibakuli vya maji chini ya miguu ya vitanda ili siafu wasipande, na mbu walizaa mule mule. Ile wakati hakuna aliyejua kosa la mbu. Mu 1889 kompani ilianguka, na Wafaransa wadogo wadogo walipoteza akiba yao. Ikajulikana kwamba wabunge walikuwa wamekula rushwa. Mu 1893 muzee alihukumiwa miaka 5 ya gereza, lakini hakuingia. Aliyeingia ni mutoto wake Charles. Alikufa nyumbani Desemba 1894, akili imekwisha kumutoka. Waamerika walipigana na mbu kwanza, wakajenga milango ya maji, wakamaliza Panama mu 1914.

Ku Port Said walimusimamishia sanamu kubwa, mukono umenyooshwa kuonyesha njia. Tarehe 26 Julai 1956 raisi Nasser alitaja jina lake mara nyingi mu radio: ilikuwa alama kwa watu wake wakamate ofisi za kompani. Desemba ya mwaka ule Wamisri walipasua sanamu na baruti. Jiwe la chini lilibaki, bila mutu juu.