Sayyida Salme: Binti wa Sultani na Vyombo vya Vidakani

Ukifika upande wa Modogashe, pale njia itokayo Isiolo inapokutana na ile ya Garissa na Wajir, utawakuta wafugaji wa Kisomali ambao mali yao ya nyumbani haina budi kupandishwa juu ya ngamia. Watu wa safari hawalimbikizi vitu. Hata hivyo mama wa nyumba hakosi vyombo vyake vya maziwa, vilivyosukwa kwa nyuzi za mizizi na mimea kwa ustadi hata havivuji, vikafukizwa moshi ili maziwa yakae na yapate harufu njema. Hivyo ndivyo fahari yake.

Sisi wa pwani ngamia hatuna, lakini hamu hiyo tunayo. Nani asiyejua nyumba za kale za Lamu, ambazo kuta zake za ndani zilitobolewa vidaka safu juu ya safu, na kila kidaka kikawekwa bakuli au sahani ya kaure? Hata makaburi yetu ya nguzo, kama lile la Mambrui, yalipachikwa mabakuli ya Kichina. Wala hamu hii haina kabila. Huko Marekani wapo watu wazima wanaosaka kwa bei kubwa vikombe vya udongo vyenye sura za masanamu ya visiwa vya Pasifiki, vilivyofinyangwa kwa ajili ya mabaa ya karne iliyopita, wakavipanga makabatini bila kunywea kitu. Ya ulevi tuwaachie wenyewe. Ya kupanga vikombe tunayafahamu.

Lakini aliyeieleza kalamuni hamu hii ya vyombo kuliko wengi wa watu wetu ni binti mmoja wa Unguja, ambaye mwisho wake alibaki hana hata kidaka kimoja.

Sayyida Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi aliyetekwa kwao angali mtoto. Jumba la Mtoni lilijaa watu kama mji: masuria, watoto, watumwa na wageni, na uani walitembea tausi na paa.

Katika kitabu chake Salme ameyaeleza maisha hayo kinaganaga, na anapofika kwenye vyumba kalamu yake hupunguza mwendo. Vidaka vilivyokatwa ukutani viligawanywa kwa mbao zilizopakwa rangi, na juu yake zikapangwa bilauri zilizochongwa, sahani zenye nakshi, majagi na vikombe, kila kimoja na mwenzake. Bibi aliyependa chombo hakuuliza bei. Baina ya vidaka vilisimamishwa vioo virefu vilivyoagizwa Ulaya, na mahali pengine saa za kila namna. Kahawa ililetwa katika vikombe vidogo, nao utaratibu wa kuimimina ulikuwa na adabu zake. Ukisoma habari hizo unasahau kwamba anayeandika yuko Ujerumani, mjane, na vyombo anavyovihesabu si vyake tena.

Jambo jingine la kustaajabisha ni kwamba kuandika kwenyewe alijifunza kwa siri. Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani, si kuandika. Yeye alichukua mfupa wa bega la ngamia, kama walivyotumia wanafunzi wa siku zile, akanakili herufi za msahafu mpaka mkono ukazoea. Ujuzi huo ndio uliomponza kwanza, na ndio uliomwokoa baadaye.

Mwaka 1856 Sayyid Said alifariki baharini akirudi kutoka Muscat. Salme, mwenye umri wa miaka 12, akarithi shamba na fedha. Miaka 3 baadaye mama yake akachukuliwa na kipindupindu. Mwaka huo huo wa 1859 Barghash alimwinukia ndugu yake Majid, aliyekuwa Sultani, naye Salme akavutwa upande wa Barghash na dada yake Khole. Kwa kuwa alijua kuandika, akafanywa karani wa njama, msichana wa miaka 15 akiandika barua za vita. Uasi ulivunjwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay. Salme alipatana na Majid baadaye, na kwa kupatana huko akawaudhi wale wa upande wa pili. Akawa hana kambi.

Ndipo alipohamia mjini, jirani na mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete wa Hamburg. Kilichofuata kinajulikana. Akachukua mimba, na Agosti 1866 akatoroka usiku kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, mpaka Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily na kuolewa na Ruete siku hiyo hiyo. Mtoto yule alikufa wakiwa safarini kwenda Ulaya.

Kwa watu wa dini hapa ndipo penye uzito, na mwandishi wa makala haya hataki kuupunguza. Aliacha dini ya wazazi wake. Hukumu yake iko kwa Mola wake. Lakini barua zake ndefu, ambazo hazikuchapishwa uhai wake, zinaonyesha kwamba moyo wake haukupata kutulia. Aliona baridi, aliona upweke, na watu wa Hamburg walimkodolea macho.

Akazaa watoto 3. Agosti 1870, mdogo wao akingali mchanga, mumewe aligongwa na tramu ya farasi akafa. Mjane akaanza kuhama: Dresden, Rudolstadt, Berlin, akipunguza matumizi na kufundisha Kiarabu ili watoto wale.

Mwaka 1875 Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani, alifika London. Salme alikwenda huko amwone, Waingereza wakamzuia. Mwaka 1885 akarudi Unguja, miaka 19 tangu atoroke, lakini ndani ya msafara wa manowari za Bismarck zilizokuja kumtisha ndugu yake aikubali himaya ya Wajerumani bara. Watu wa mjini walimsalimu barabarani. Barghash hakumpokea. Alidai urithi wake, na madai hayo yakawa karata mkononi mwa Bismarck. Wajerumani walipopata walichotaka, mambo ya bibi huyu yakasahauliwa. Mimi naona hapo alidhulumiwa mara mbili, na ndugu zake na waliojifanya wafadhili wake.

Mwaka 1886 kitabu chake kikatoka kwa Kijerumani, kumbukumbu za binti wa Kiarabu, na hivi leo hakuna mtafiti wa Unguja ya zamani asiyekigusa. Mwaka 1888, Barghash alipokwisha fariki, alijaribu tena kwa Khalifa, bila mafanikio. Baada ya hapo hakukaa Ujerumani. Alikwenda Jaffa, kisha Beirut, akaishi huko mpaka 1914 karibu na lugha aliyoizoea masikioni.

Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Ohlsdorf, Hamburg, pamoja na mumewe. Katika vitu vyake palikutwa kifuko cha mchanga wa Unguja alichokitunza miaka yote, nacho wakakizika pamoja naye.