Philippe de Rothschild: Bwanyenye aliyepigania hadhi ya mvinyo kwa nusu karne

BARON Philippe de Rothschild alikuwa na umri wa miaka 20 pekee alipokabidhiwa usimamizi wa shamba la mizabibu la Mouton, lililoko Pauillac karibu na Bordeaux, Ufaransa, mnamo 1922. Ukoo wake, mashuhuri kwa biashara ya benki, ulilinunua shamba hilo mwaka 1853, lakini babu na babake hawakulishughulikia sana.

Kijana huyo alirithi pia kidonda cha zamani. Mnamo 1855, madalali wa Bordeaux waliipanga mivinyo myekundu ya eneo hilo katika madaraja matano. Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion ikatiwa daraja la kwanza. Mouton ikaachwa katika la pili. Uchungu ulizidi kwa kuwa Lafite, shamba jirani, lilikuja kumilikiwa na tawi jingine la ukoo uo huo.

Enzi hizo wakulima waliuza mvinyo ungali katika mapipa. Wafanyabiashara wa mjini ndio walioukomaza na kuutia chupani, na mkulima hakuwa na uwezo wa kuzuia usichanganywe. Philippe aliamua kwamba kuanzia mavuno ya 1924, mvinyo wote ungetiwa chupani pale pale shambani. Huo, kwa maoni yetu, ndio mchango wake mkubwa zaidi.

Mouton hutokana hasa na zabibu za Cabernet Sauvignon zinazomea kwenye udongo wa kokoto. Ungali mchanga huwa mzito na wenye makali. Huhitaji miaka mingi kutulia. Mwenyewe hakuwa na subira kama hiyo, kwani alishiriki mbio za magari kwa jina la kubuni na kumaliza wa nne Monaco mnamo 1929.

Vita vya Pili vya Dunia vilimvunja. Kwa kuwa alikuwa Myahudi, serikali ya Vichy ilimpokonya uraia na kumfunga gerezani. Mnamo 1942 alivuka milima ya Pyrenees hadi Uhispania, kisha akajiunga na majeshi ya Jenerali de Gaulle nchini Uingereza. Mkewe, Elisabeth, ambaye hakuwa Myahudi na ambaye ndoa yao ilikuwa imeyumba, alikamatwa na Wajerumani. Alifariki katika kambi ya Ravensbrück mwaka 1945.

Lebo ya mavuno ya mwaka huo ilichorwa herufi V, ishara ya ushindi. Tangu hapo karibu kila mwaka msanii mpya alichora lebo, wakiwemo Braque, Dali na Chagall, nao walilipwa kwa mvinyo.

Hatimaye, mnamo 1973, Waziri wa Kilimo Jacques Chirac alitia saini amri ya kuipandisha Mouton hadi daraja la kwanza. Lebo ya mwaka huo ilibeba mchoro wa Picasso, aliyefariki mwaka uo huo.

Baron Philippe aliaga dunia Januari 1988, akiwa na umri wa miaka 85. Bintiye, Philippine, mtoto wake na Elisabeth, aliliongoza shamba hilo hadi alipofariki mwaka 2014.