Maximilian Berlitz: Mwalimu aliugua, shule ikapona

Wengi wetu tulisoma lugha ya kigeni kwa kukariri sarufi na kutafsiri sentensi, na baada ya miaka yote hiyo mtu hawezi hata kuomba maji kwa lugha hiyo. Leo tunamwangazia mwalimu aliyelipatia tatizo hilo dawa, na dawa yenyewe akaiuza kote duniani.

Maximilian Berlitz alizaliwa mwaka 1852 kusini magharibi mwa Ujerumani. Akiwa kijana alihamia Marekani, akaishi kwa kufundisha lugha. Mwaka 1878 alifungua shule yake mjini Providence, jimbo la Rhode Island. Kazi ilipomzidi alimwajiri Mfaransa aitwaye Nicholas Joly, ambaye barua yake ya kuomba kazi ilikuwa ya Kifaransa safi kabisa.

Joly alipofika ikabainika kwamba Kiingereza hakijui. Atawafundishaje Wamarekani? Na Berlitz mwenyewe alikuwa mgonjwa. Akamwagiza aingie darasani hivyo hivyo, aonyeshe vitu kwa kidole, aigize vitendo na kuvitaja kwa Kifaransa.

Wiki kadhaa baadaye Berlitz alirudi akitarajia kukuta wanafunzi wamekasirika. Aliwakuta wakiulizana na kujibizana kwa Kifaransa, tena kwa matamshi mazuri! Sisi tunaona sehemu kubwa ya sifa ni ya Joly, ingawa jina lililobaki mlangoni ni la mwajiri.

Hata hivyo, Berlitz ndiye aliyeiona biashara. Alitunga vitabu ambavyo masomo yake ya kwanza yalihusu vitu vilivyomo chumbani, kama kitabu na kalamu. Kila mwalimu alifundisha lugha yake ya kuzaliwa tu, bila kutafsiri. Hapo ndipo palipokuwa na faida: Mwingereza aliweza kupelekwa Italia au Ujerumani na kuanza kazi bila kujua lugha ya wenyeji. Shule zikafunguliwa Boston, New York, kisha Ulaya, na kufikia mwaka 1914 zilikuwa zaidi ya 200. James Joyce, kijana wa Ireland aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, alifundisha Kiingereza katika tawi la Trieste.

Berlitz alifariki New York mwaka 1921. Mjukuu wake, Charles, alilelewa katika nyumba ambamo kila ndugu alizungumza naye kwa lugha tofauti.