Delamere: Tajiri Aliyeshindwa na Udongo wa Njoro

Wengi wetu jina Delamere tunalijua kwa yogati, na pale Naivasha matatu za Nakuru zinaposimama. Mwenye jina ni Hugh Cholmondeley, bwanyenye wa Uingereza aliyezaliwa 1870.

Mwaka wa 1903 serikali ya kikoloni ilimpa ekari 100,000 Njoro. Wamaasai hawakuulizwa. Kumbe wangemwokolea pesa: wao walijua malisho ya hapo si mazuri, wakayakwepa. Jamaa akaleta kondoo kutoka New Zealand. Wakafa kwa wingi, kwa sababu udongo ulikosa madini. Akaleta ng'ombe wa kizungu, magonjwa yakawafyeka. Akapanda ngano, ugonjwa wa kutu ukaila. Madeni yakamfika shingoni.

Hapo ndipo alipoanza kusikiliza shamba. Akaajiri mtaalamu na kufungua maabara hapo hapo Njoro, kutafuta mbegu ya ngano inayostahimili kutu. Polepole ngano ikakubali. Alikufa 1931, akazikwa Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita. Watafiti wa Njoro wangali wanapigana na kutu hadi leo.

Kwa hivyo chapati yako ina historia ndefu ya kulazimisha. Siambii mtu aache chapati, hata mimi siwezi. Lakini wimbi, mtama na managu ni wenyeji, wamezoea udongo na jua la huku. Delamere alizama kwenye madeni kabla ya kuelewa hilo. Sisi tunaweza kuanzia sokoni, wiki hii, na fungu moja la managu.