Pumla Kisosonkole: Mzaliwa wa mbali aliyepigania sauti ya mama wa Uganda

Sisi tuliosomea uhamishoni tumezoea kuulizwa asili yetu. Hapa Ggaba ninapofundisha, swali hilo huulizwa sokoni hadi kwenye daftari la wapiga kura. Ndiyo maana leo namkumbuka marehemu Pumla Ellen Kisosonkole.

Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1911, ukoo wa Ngozwana, akasoma Fort Hare na kuwa mwalimu. Mwaka 1939 alikuja Uganda kama mke wa Christopher Kisosonkole. Damali, binti wa mumewe, aliolewa na Kabaka Mutesa II mwaka 1948. Kwa hiyo Waingereza walipomfukuza Kabaka nchini kati ya 1953 na 1955, uhamisho uliingia hadi ndani ya familia yake.

Katikati ya miaka ya 1950 akawa mwanamke Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Uganda. Wanawake wa Kizungu walikuwa wamemtangulia mwaka 1954. Aliongoza pia Baraza la Wanawake la Uganda, lililoanzishwa miaka ya 1940, ambamo Waafrika, Wahindi na Wazungu walikaa meza moja bila kujali dini. Walidai sheria za ndoa na mirathi zirekebishwe, wakawahimiza akina mama wajiandikishe kupiga kura.

Kazi hiyo haikuwa rahisi. Katika uchaguzi wa 1958 mpiga kura alitakiwa awe na mali, kipato au elimu. Mama aliyelima shamba lenye jina la mume alibaki na jembe tu. Tena Buganda haikushiriki uchaguzi huo, na mwaka 1961 ikasusia mwingine. Waliojiandikisha huku kwetu walikuwa wachache sana. Wakubwa waligombania madaraka, mama wa Ggaba akakosa kura.

Bi Kisosonkole alifika mbali zaidi, akawa miongoni mwa viongozi wa Baraza la Kimataifa la Wanawake. Chombo hicho kiliundwa Washington mwaka 1888, na mwaka 1899 kiliunda kamati ya amani na usuluhishi wa mataifa. Vita huamuliwa na wenye kura, na mzigo wake huangukia jikoni. Sisi tuliolelewa ukimbizini hatuhitaji kufundishwa hilo.

Alifariki mwaka 1997. Leo kila wilaya ya Uganda ina kiti cha mbunge mwanamke, na akina mama wa samaki wana vikundi vyao vya kuweka akiba na kukopeshana. Vikundi hivyo vinaweza kufanya kazi ya pili: kuhakikisha kila mwanachama mwenye haki ya kupiga kura yumo kwenye daftari, hata kama Kiganda chake kina lafudhi ya ng'ambo. Pumla alizaliwa mbali, akaitumikia nchi iliyompokea. Haba na haba hujaza kibaba, na kura nazo ni hivyo hivyo.